Picha na Heshima ya Mtu wa Milimani: Tunajifunza Nini kwa Sebastião Salgado

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika za Karagwe na Kyerwa pamoja na wageni kutoka kwa wafadhili)



Tumeombwa tuzungumze juu ya picha. Baadhi yenu walishangaa kuiona mada hii katika ratiba, katikati ya taarifa ya visima na taarifa ya mahesabu. Lakini kila robo mwaka kila usharika wenye mradi unatuma picha dayosisini, na picha hizo zinafika mbali kuliko yeyote kati yetu. Wafadhili wengi hawatakanyaga Kaisho wala Bweranyange maishani mwao. Watatujua kwa picha. Kwa hiyo tumeona vema tuzungumze habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka hamsini, na ambaye alipita mkoani kwetu katika wakati mgumu sana: mpiga picha Sebastião Salgado wa Brazili, aliyefariki Paris tarehe 23 Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 81.

Mchumi wa kahawa aliyeshika kamera

Salgado alizaliwa mwaka 1944 katika mji wa Aimorés, jimbo la Minas Gerais, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe. Alisomea uchumi. Mwaka 1969, Brazili ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, yeye na mkewe Lélia Wanick walihamia Ufaransa. Mwaka 1971 aliajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa lililoko London, akawa anatumwa Afrika kwa kazi za uchumi wa kilimo, ikiwa ni pamoja na jirani zetu wa Rwanda. Safarini alichukua kamera ambayo mkewe alikuwa ameinunua kwa ajili ya masomo yake. Akagundua kwamba picha zinamwambia mengi kuliko taarifa alizoandika. Mwaka 1973 akaacha kazi yenye mshahara mzuri akawa mpiga picha.

Kwetu sisi wa Karagwe habari hii si ndogo. Shirika hilo ndilo lililosimamia mikataba ya migao ya kuuza kahawa duniani, hadi migao hiyo ilipovunjika mwezi Julai 1989 na bei ikaporomoka. Wazee wa Nyaishozi na Nkwenda hawahitaji kitabu kuikumbuka miaka hiyo. Maana yake ni kwamba mtu huyu, kabla hajainua kamera mbele ya mama aliyebeba kikapu cha kahawa, alikwisha kujua bei inapangwa wapi, nani anapata faida na nani anabaki na maganda. Jambo hilo linaonekana katika picha zake. Anampiga mkulima kama mtu anayefanya kazi, na anaiheshimu kazi yenyewe: mikono, mzigo, mteremko, jasho.

Watu wa milima ya Andes

Kati ya mwaka 1977 na 1984 Salgado alirudi mara nyingi Amerika ya Kusini na Meksiko, akaishi vijijini na wakulima wa milimani katika nchi kama Ecuador, Bolivia na Peru. Matunda yake ni kitabu cha mwaka 1986 kiitwacho Autres Amériques, yaani Amerika nyingine. Picha zote ni za rangi nyeusi na nyeupe. Kuna watu wamejifunga mablanketi kwa ajili ya baridi, watoto, mazishi, ibada, wanaume waliosimama ukungu ukiwa umefunika bonde nyuma yao. Hawachekei kamera, wala hawalii. Wanamtazama mpiga picha kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekaribishwa.

Mtu wa kwetu akiziona picha hizo anajiona mwenyewe. Anaiona njia ya kupanda mlima na mzigo mgongoni, anawaona waombolezaji wakishuka pamoja kwenda kuzika, anamwona mzee ambaye amevaa koti lake la Jumapili kwa sababu amesikia kuna mgeni. Hatukuwahi kufika Andes, lakini milima inawafundisha watu mambo yanayofanana: kutembea polepole, kusema machache, kutegemeana wakati wa msiba.

Siri ya picha hizo ni muda. Salgado hakushuka kwenye gari, akapiga na kuondoka kabla injini haijapoa. Alitembea na wenyeji, akala chakula chao, akangoja. Kazi yake juu ya wafanyakazi wa mikono duniani, iliyotoka kitabu mwaka 1993, ilimchukua miaka kadhaa na kumfikisha nchi nyingi, na kwa ajili yake alirudi Rwanda mwaka 1991 kuwapiga wachumaji wa chai. Kazi juu ya wahamaji na wakimbizi ilitoka mwaka 2000, nayo ni ya miaka mingi. Mtu akikaa muda mrefu hivyo, waliopigwa picha wanapata nafasi ya kuamua wanataka kuonekana namna gani. Tunaamini hapo ndipo heshima ile inapotoka.

Benaco, mwaka 1994

Mwishoni mwa mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani wakati ule. Hapa kwetu zikafuata kambi za Chabalisa, Kagenyi na nyinginezo. Wapo kati yenu mliofanya kazi katika kambi hizo, na mnakumbuka moshi wa kuni, maturubai, foleni za maji, na jinsi vilima vilivyobaki bila miti hadi wakimbizi waliporudi kwao Desemba 1996.

Salgado alifika Benaco mwaka huo wa 1994. Picha zake zinaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe: watu hadi macho yanapoishia, moshi wa asubuhi ukiwa umetanda. Mtu aliyekuwepo hawezi kusema zimetia chumvi.

Katika kazi hiyo ya wakimbizi kuna habari moja inayowahusu kila mmoja wenu mwenye simu yenye kamera. Popote alipofika, watoto walimzunguka na kumzuia asifanye kazi. Akapatana nao: atampiga kila mmoja picha yake peke yake, halafu wamwache aendelee. Watoto wale waliokuwa wakirukaruka na kupiga kelele, kila aliposimama mmoja mbele ya kamera, alinyamaza na kutulia, akawa mtu kamili mwenye uso wake. Picha hizo zilitoka katika kitabu cha pekee mwaka 2000. Mnajua inavyokuwa mgeni akifika shuleni kwetu na kamera: kundi zima linapiga makelele, na picha inayotoka ni ya kundi. Alichofanya Salgado hakikuhitaji fedha, kilihitaji subira tu.

Aliyoyaona Rwanda na baadaye Kongo yalimvunja. Mwenyewe amesimulia, pia katika filamu ya mwaka 2014 iliyotengenezwa na Wim Wenders pamoja na Juliano, mwanawe Salgado, kwamba mwili na roho viliugua hata akataka kuiacha kamera kabisa. Yeye na Lélia wakarudi kwenye shamba la wazazi wake, ambalo lilikuwa limekauka kwa kukatwa miti. Kuanzia mwaka 1998 wakaanza kupanda miti ya asili kupitia taasisi yao iitwayo Instituto Terra. Imepandwa zaidi ya miti milioni 2, na chemchemi zilizokuwa zimekufa zikarudi kutoa maji. Sisi tunaopigania vyanzo vya maji na vitalu vya miche tunaielewa tiba hiyo.

Waliomkosoa

Kumpenda mtu hakutuzuii kuwasikiliza waliomkosoa. Tangu mwaka 1991 wapo waliosema kwamba picha zake ni nzuri mno, hata mtazamaji anashangilia uzuri na kusahau njaa. Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliandika jambo zito zaidi. Alisema kwamba katika picha za wahamaji za Salgado watu hawatajwi majina. Mtu maarufu akipigwa picha jina lake huandikwa. Maskini akipigwa anakuwa mfano tu wa njaa, wa vita, au wa kabila.

Juu ya hoja ya kwanza, sisi hatukubaliani nayo sana. Mama wa Mabira anayevaa kitenge chake kizuri kabla ya kupigwa picha hataki picha mbaya, na hakuna sheria inayosema mateso ya maskini lazima yapigwe ovyo ili yaaminike. Lakini hoja ya pili tunaipokea. Kamera inaweza kumheshimu mtu usoni, kisha maandishi ya chini yakamnyang'anya jina.

Jambo hilo lina historia ndefu hapa hapa. Mwezi Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mukama Rumanyika huko Bweranyange. Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, ameeleza jinsi alivyompima kwa vipimo mwanamke wa nyumba ya kifalme, mkono, kifua na paja, na hesabu zake akazichapisha Uingereza. Grant, aliyebaki Karagwe miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa mguu, alikuwa akichora. Tangu hapo watu wa Karagwe wametazamwa na kuandikwa na wageni. Dunia ikapata vipimo vya yule mama, na maneno yake mwenyewe hayakuulizwa.

Ng'ambo ya mto Kagera, Ankole, alikuwepo mwalimu na fundi seremala aitwaye Musa Katuramu, aliyewapiga picha majirani zake kuanzia miaka ya 1930. Watu wamesimama mbele ya kamera yake kwa utulivu, wamejitengeneza kama walivyotaka waonekane. Hatuhitaji kwenda Brazili kupata mfano wa mpiga picha anayeishi na watu wake.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Ndugu wajumbe, tuwape habari moja ya kweli. Kijana mmoja wa wilaya ya Kyerwa, ambaye jina na kijiji chake tunavihifadhi, alipigwa picha akiwa na umri wa miaka saba hivi, ameegemea magoti ya bibi yake. Shirika moja kutoka nje liliitia picha hiyo katika kalenda, na chini yake likaandika kwamba ni yatima wa UKIMWI. Bibi alikuwa amepewa kilo moja ya sukari, akadhani picha ni ya ukumbusho. Hakuna aliyemwuliza wazazi wa mtoto walikufa kwa nini.

Miaka ikapita. Siku wazee wa pande mbili wamekaa kuzungumza mahari, mtu mmoja akaileta ile kalenda. Posa ikavunjika. Kijana alikuja ofisini kwetu, akasalimia kwa adabu, akakaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Mratibu, ile picha inaweza kurudishwa?"

Haiwezi kurudishwa. Kalenda zilisambazwa nchi ambazo hatuzijui, na siku hizi picha ikishaingia mtandaoni hakuna wa kuifuta yote. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikogunduliwa mwaka 1983, na kwa miaka mingi picha za mkoa wetu zilizokwenda nje zilikuwa za makaburi na yatima. Hatusemi zilikuwa za uongo. Tunasema waliokuwa ndani ya picha waliendelea kuishi, wakakua, wakachumbia, wakaomba kazi.

Sasa tunaijua hofu iliyopo katika kamati zetu, na ni vizuri isemwe mbele ya wageni. Wajumbe wengi wanaamini kwamba picha ya mtu anayelia huleta fedha, na picha ya mama mwenyekiti wa kikundi amesimama wima na daftari lake la hisa haileti. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipoonyesha njaa ya Korem, Ethiopia, dunia iliinuka, na hakuna mwenye akili atakayesema picha zile zisingepigwa. Lakini baada ya hapo mashirika ya Ulaya yenyewe yaliona picha za namna hiyo zimegeuka mazoea, na mwaka 1989 yakapitisha kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe juu ya nchi zetu, zilizorekebishwa mwaka 2006. Dharura ina picha zake. Mradi wa miaka mitano wa kahawa au maji unahitaji picha nyingine, kwa kuwa unamwomba mfadhili amwamini mtu fulani kushika fedha. Hatuwezi kumwomba amwamini mtu ambaye tumemwonyesha kama asiyejiweza.

Tunachopendekeza

Kwanza, ruhusa. Mpigaji aeleze kwa Kinyambo, polepole, picha itakwenda wapi na itaandikwa nini, na mtu aambiwe wazi kwamba akikataa hatapoteza mbuzi, tenki wala ada ya shule. Zawadi isitangulie picha. Hili ni la kisheria pia: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya afya ya mtu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utu na faragha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai ridhaa.

Pili, jina. Kila picha iandikwe jina la mtu kama yeye anavyotaka liandikwe, kazi yake na kijiji chake. Mahali ambapo jina linaweza kumdhuru, kama vile mgonjwa, mtoto, au aliyefanyiwa ukatili, tuache jina na ikibidi tuiache picha yenyewe.

Tatu, sababu. Maelezo ya picha yaseme jambo linalolifanya tatizo. Mama aliyeanika kahawa uani ni picha nzuri. Lakini ikiwa kahawa ile ilikwisha kuuzwa kwa butura ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto alihitaji karo mwezi Januari, picha isiyosema hivyo imemficha mfadhili jambo kubwa. Akilijua ataelewa kwa nini tunaomba mfuko wa mikopo na kwa nini chama cha msingi kinahitaji fedha za malipo ya awali. Hapo tunamfuata Salgado yule mchumi, aliyejua bei kabla ya kupiga picha.

Nne, muda na mahali. Mtu achague nguo yake na pa kusimama. Mpigaji ainame au akae, macho yalingane na ya anayepigwa, hasa mtoto na mzee. Watoto wapigwe mmoja mmoja.

Tano, nakala irudi. Tunaomba kila bajeti ya mradi iwe na fungu dogo la kusafisha picha Kayanga au Omurushaka, na kila aliyepigwa apelekewe yake mkononi. Nyumba nyingi za milimani kwetu hazina picha hata moja ya babu au bibi. Tumeona wazee wakiipokea picha kwa mikono miwili na kuifunga katika kitambaa pamoja na Biblia na cheti cha ubatizo.

Sita, albamu za zamani. Katika ofisi za sharika kuna picha za miaka ya nyuma, nyuma yake pameandikwa "wanawake wa Karagwe" au "wakristo wakijenga kanisa". Wazee wanaoweza kututajia majina ya waliomo bado wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Kila kamati iwaketishe wazee hao pamoja na vijana wa kipaimara, na majina yaandikwe kwa penseli nyuma ya kila picha.

Neno kwa wafadhili

Wageni wetu wapendwa, nanyi tuna ombi kwenu. Msituombe picha ya machozi. Mkipokea picha ya mtu aliyesimama wima, msidhani shida imekwisha. Someni maelezo yake, mwulizeni mambo. Tupeni nafasi ya kuchelewa kidogo, kwa maana picha ya kweli haipatikani siku moja kabla ya taarifa kutumwa. Na mtakapoacha kuitumia picha, tuambieni, ili nasi tumwambie mwenyewe.

Salgado aliwapenda watu aliowapiga picha, na hilo linaonekana hata kwa asiyejua lugha yao. Alichokiacha pungufu, yaani majina, sisi tunaweza kukitimiza kwa urahisi kuliko yeye, kwa sababu watu hawa ni majirani zetu na majina yao tunayajua. Tunaomba azimio juu ya mapendekezo haya sita lipitishwe na kila kamati kabla ya taarifa za robo ijayo, na kila usharika uteue mtu mmoja wa kusimamia picha, kama mnavyomteua mtunza hazina.